Unjano wa kifaranga huenda wapi? Maswali kuhusu manyoya ya kuku wanaokua

Mfugaji wa Buhongwa (mleta mada)

Wakuu wa jukwaa, salaam. Mimi ni mfugaji mdogo wa hapa Buhongwa, jijini Mwanza, na hii ni mara yangu ya kwanza kulea vifaranga wasio na mama. Wiki saba zilizopita nilinunua vifaranga 60 wa siku moja, chotara, kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja kwa kuwa nimekuja hapa kutafuta maelezo, sikuja kumwanika mtu. Muuzaji huyo alikuwa akikunjua bawa la kila kifaranga, anatazama vijinyoya vya ukingoni kwa muda mfupi, kisha anatamka kama hakimu: huyu jike, huyu dume. Aliniapia kwamba wote 60 niliopewa ni majike, nami nikalipa zaidi kwa sababu hiyo. Leo wamebaki 54, na kati yao wasiopungua 20 wana vilemba vyekundu na wameanza kupimana vifua kama mapora. Je, usomaji huo wa mabawa una ukweli wowote, au niliuziwa maneno?

Jambo la pili linahusu sura yao. Walipofika wiki ya tatu na ya nne walinitia aibu mbele ya wageni: mabawa yalikuwa ya kuku mkubwa, mgongo ulikuwa mtupu, na shingoni bado walikuwa na yale malaika ya njano waliyotoka nayo kwenye yai. Mabawani na mkiani kulikuwa na vitu kama vijiti vyembamba vya rangi ya kijivu cha bluu, vigumu kidogo ukivigusa. Jirani yangu, ambaye amefuga muda mrefu kuliko mimi, alisema hiyo ni dalili ya wadudu, akachukua mkasi na kukata vijiti vitatu vya kuku mmoja ili kuwaonyesha vijana. Damu ilitoka kama bomba lililopasuka. Nilipogeuka kutafuta kitambaa wenzake walikwishamvamia, na kufikia jioni alikuwa amekufa.

La tatu ni swali la binti yangu wa darasa la sita, ambalo nimeshindwa kulijibu. Vifaranga waliokuwa wa njano sasa ni weupe. Mmoja aliyekuwa mweusi mwenye doa jeupe kisogoni sasa ana mistari mwili mzima. Binti anauliza unjano umekwenda wapi, na kama unyoya unaweza kugeuka rangi, kwa nini kuku mkubwa mweupe hageuki tena kuwa wa njano. Kwa chakula, wiki tatu za kwanza nilitumia chakula cha dukani. Baada ya hapo ninachanganya mwenyewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Naomba kuwasilisha.


Mwalimu Mstaafu, Ilemela

Pole kwa hasara, mleta mada. Nimefundisha baiolojia kwa zaidi ya miaka 30 na sasa nafuga kuku wachache nyumbani. Lile la kusoma mabawa nawaachia waliofanya kazi ya kutotolesha, nami nianze na swali la binti, kwa sababu ukilipata jibu lake, lile la vijiti linajifungua lenyewe.

Unjano haukugeuka kuwa weupe. Unyoya uliokwisha kukomaa ni kitu kisicho na uhai, kama ukucha wako au pembe ya ng'ombe, na umetengenezwa kwa protini ya jamii hiyohiyo, keratini. Hauna damu ndani yake wala mahali pa kupitishia rangi mpya. Jua linaweza kuupausha, matope yanaweza kuuchafua, na ncha zake zinaweza kulika, lakini kutoka njano kwenda nyeupe, au kutoka nyeusi kwenda mistari, hauwezi. Kinachotokea ni kwamba unyoya mmoja umeondoka na mwingine umeota mahali pake.

Yai la kuku huatamiwa siku 21. Kufikia siku ya 7 au ya 8, kwenye mgongo wa kile kiumbe kilichomo ndani huwa vimekwisha kuonekana vinundu vidogo vilivyojipanga kwa safu, na baadaye kila kinundu hujichimbia kishimo chake katika ngozi. Kishimo hicho ndicho mali ya kudumu ya ndege. Chini kabisa hukaa sehemu iliyo hai ambayo haidondoki unyoya unapodondoka, na kazi yake ni kutengeneza unyoya mmoja, kupumzika, kisha kutengeneza mwingine, maisha yote ya kuku huyo. Unyoya wa kwanza kutoka kishimoni ni laika, lile la njano. Halina uti wa katikati wa maana. Ni kishungi cha nyuzi laini zilizotoka shina moja, zisizoshikana, na kwa sababu hazishikani hunasa hewa nyingi na kumtia kifaranga joto maadamu ni mkavu. Akilowa, joto hilo limekwisha.

Unyoya wa pili huanza kujengwa chini ya ule wa kwanza, katika kishimo kilekile, na unapokua huusukuma juu. Watu husema ni kama meno ya utotoni, nami nilikuwa nikiutumia mfano huo darasani, ila una kasoro: jino la utotoni hung'oka na kuacha pengo, wakati laika halitoki kwanza. Hubaki limeshikamana na ncha ya unyoya mpya na kubebwa juu yake, kama mwanamke anavyobeba kata kichwani, mpaka linapokatika kwa kusuguliwa. Mleta mada, mshike mmoja wa wale weupe kabla hajamaliza shingo. Mwambie binti atazame ncha za manyoya mapya ya shingoni kwenye mwanga wa asubuhi. Ataukuta unjano uko palepale, juu ya ncha nyeupe, ukisubiri kudondoka.

Rangi huwekwa wakati unyoya ungali unajengwa. Chembe hai zinazotengeneza melanini, ambayo huleta weusi na ukahawia, huingia katika unyoya mchanga na kugawa rangi kwenye nyuzi zake. Zikigawa bila kukoma, unyoya hutoka mweusi mtupu. Zikigawa na kukoma kwa zamu, hutoka na mistari. Yule wako wa doa kisogoni alikuwa na urithi wa mistari tangu yai, lakini laika ni fupi na laini mno kuionyesha, kwa hiyo ilingoja unyoya wa pili.

Sasa vijiti. Unyoya unaokua hutoka umeviringwa ndani ya ala, kama jani changa la mgomba linavyotoka limejisokota kabla halijakunjuka. Ujenzi hufanyika chini, kishimoni, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu kongwe na shina ndilo jipya. Ndani ya ala, kuanzia chini, kuna mshipa wa damu unaolisha ujenzi huo, na ile rangi ya kijivu cha bluu ni damu na rangi ya unyoya inayoonekana kupitia ukuta wa ala. Ncha inapokomaa, ala yake hukauka na kupasuka, na kuku huibandua kwa mdomo, ndipo unyoya hufunguka kama mwavuli. Vipande vya ala huanguka sakafuni kama mba. Nadhani hicho ndicho jirani yako alichokiona akadhani ni wadudu. Utitiri hutembea, mba haitembei. Unyoya ukikamilika, damu hurudi chini, shina hubaki tupu na angavu kama mrija, na hapo unaweza kuukata bila kuku kusikia chochote. Jirani alikata mapema, akakata mshipa.

Ikitokea tena kijiti kikavunjika, mtoe kuku huyo kwa wenzake kwanza, maana damu huwaita, kisha bana mahali hapo kwa pamba au kitambaa safi chenye unga wa wanga mpaka damu isimame. Isiposimama, kinachofanyika ni kukivuta kijiti chote kutoka kwenye kishimo, kwa mkono thabiti na kwa mwelekeo kilikoota, kisha kubana ngozi. Ni afadhali afanye hivyo mtaalamu wa mifugo au mtu aliyekwisha kufanya.

Sura ya aibu ya wiki ya nne ni ya kawaida. Mabawa hutangulia, kwa kuwa hata siku ya kuanguliwa vijiti vyake huwa vimeanza. Hufuata mkia, halafu mabega, mapaja na kifua, na kichwa na shingo huja mwisho kabisa. Mpangilio huo una faida yake: kifaranga wa kuku wa porini akiwa na bawa tu huweza kurukia tawi na kuokoka, hata kama mgongo uko wazi. Tena usidhani manyoya huota kila mahali. Puliza tumbo la kuku mkubwa, utaona safu zenye manyoya na kati yake njia za ngozi tupu ambazo hufunikwa tu na manyoya ya jirani. Kwa kifaranga ambaye safu bado ni changa, njia hizo huonekana wazi, na mtu huapa kwamba kuku amenyonyoka.

Na kabla hujamaliza kufurahia kuku aliyevaa vizuri, kuanzia kama wiki ya saba ataanza kuvua. Manyoya makubwa ya bawa hudondoka moja baada ya jingine, kuanzia yale ya katikati ya bawa kwenda nje, na mapya hushika nafasi. Kwa hiyo ukiokota manyoya bandani wiki hizi, tazama shina: likiwa safi na kavu, limejitokea lenyewe, likiwa na damu, kuna anayedonoa.


Mama Vifaranga, Igoma

Mwalimu, shikamoo. Niliwahi kufanya kazi ya kutotolesha kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nichukue la mabawa.

Usomaji wa bawa upo na ni wa kweli, lakini una masharti ambayo muuzaji wako ama hakuyajua ama hakutaka uyajue. Kuna urithi unaofanya manyoya ya bawa yachelewe kuota na urithi unaoyafanya yawahi, na urithi huo hufuata jinsia. Kwa kuku, dume ndiye mwenye kromosomu (vibeba urithi) za jinsia mbili zinazofanana, na jike hupokea moja tu ya aina hiyo, tena kutoka kwa baba yake. Ukimpandisha jogoo wa ukoo unaowahi kwa koo wa ukoo unaochelewa, watoto wa kike wote hurithi kuwahi kwa baba, na wa kiume wote huchelewa, kwa kuwa wamepokea kuchelewa kwa mama na kuchelewa ndiko kunakoshinda. Siku ya kuanguliwa unakunjua bawa na kuona safu mbili za vijiti: zile za chini, na zile za juu zinazozifunika. Kwa jike, za chini ni ndefu waziwazi kuliko za juu. Kwa dume, zinalingana au za chini ni fupi. Tulikuwa tukitazama vifaranga mamia kwa saa, na tulikosea mara chache tu.

Sharti ni kwamba wazazi wawe wameteuliwa kwa ajili hiyo. Ukichukua mayai ya chotara ambao hujui baba zao ni nani, bawa refu linakuambia kwamba kifaranga huyo anawahi kuota manyoya, basi. Halikuambii kama ni jike. Zaidi ya hapo, usomaji hufanyika siku ya kwanza; ukingoja siku ya tatu hata wale wa ukoo ulioteuliwa wamekwisha kukuchanganya, kwa sababu vijiti hurefuka kila siku. Hesabu yako ya mapora 20 na zaidi kati ya 54 ndiyo ambayo ungeipata hata kama muuzaji angefumba macho.

Jambo jingine: hao wanaochelewa, hasa madume ya aina za kuku wazito, ndio hao wanaobaki mgongo wazi mpaka wiki ya sita au zaidi. Hawaumwi. Lakini ngozi wazi ikikutana na banda lililobanana, kudonoana huanza, na kukishaanza hakuishi kwa maneno. Punguza idadi, ongeza maranda, na wape majani ya kuchezea, mchicha uliokomaa au majani ya kabichi yaliyofungwa juu kidogo ya vichwa vyao. Kwa joto, wiki ya kwanza tunawapa nyuzi kati ya 32 na 35, na kila wiki tunashusha kama nyuzi 3. Usiwaondolee moto kwa sababu tu kalenda imefika. Tazama mgongo na kifua vimefunikwa kiasi gani, hasa ukiwa unakaa mahali ambapo upepo wa ziwa unaingia usiku.

Halafu chakula, na hapa nitakugombeza kidogo. Karibu asilimia 90 ya unyoya ni protini, na si protini yoyote tu: unyoya unadai sana zile asidi amino (matofali ya kujengea protini) zenye salfa, methionini na sistini. Pumba hazina za kutosha. Mashudu ya alizeti yanasaidia, lakini hayana lisini, asidi amino nyingine, ya kutosha na yana nyuzinyuzi nyingi kwa tumbo dogo. Dagaa ndio wanaobeba mzigo, na wewe umesema unawapa "kidogo" katika wiki zilezile ambazo mwili mzima unavishwa upya. Tunaishi kando ya ziwa lenye dagaa, jamani! Nunua waliokaushwa juu ya chanja au turubai. Wale wa kuanikwa mchangani utalipia kilo ya mchanga. Waoshe kiganja kimoja kwenye bakuli uone kinachobaki chini. Vifaranga wa umri huo wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, na hutaifikia kwa pumba.

Kama unataka kujua njaa ya nyuma, usiulize mtu, uliza unyoya. Ninaponunua tembe mnadani huwa nakunjua bawa na kulielekeza kwenye jua. Siku ambayo ndege alikosa chakula au alipata mshtuko mkubwa, sehemu ya unyoya iliyokuwa inajengwa siku hiyo hutoka dhaifu, na huonekana kama mstari mwembamba angavu uliokatiza unyoya. Kwa kinda la njiwa, ambalo manyoya yake ya mkia huota yote kwa pamoja, mstari huo hupita mkia mzima kwa usawa kama umepigwa rula. Kwa kuku manyoya ya bawa hayalingani umri, kwa hiyo mistari hukaa juu kwenye unyoya huu na chini kwenye ule. Na mahali penye mstari ndipo unyoya unapovunjikia.


Pora la Nyegezi

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo kwenye kubadilika rangi sikubaliani nawe. Nina jogoo aliyekuwa mwekundu wa kukolea, na ndani ya miezi michache mgongo umekuwa wa majani makavu. Sikumwona amenyonyoka hata siku moja. Isitoshe, yule jogoo wa baba yangu aliyejeruhiwa na paka ana unyoya mmoja mweupe pe kwenye bawa jekundu. Kama hauna uhai, umejuaje kuwa mweupe?


Mwalimu Mstaafu, Ilemela

Umeuliza vizuri, kijana. La mgongo lina majibu mawili, na kuna uwezekano yote yanamhusu jogoo wako. Jua hupausha unyoya mwekundu kama linavyopausha kanga iliyoanikwa kila siku. Inua manyoya ya juu utazame sehemu za chini ambazo jua halizifikii, utaukuta wekundu wa zamani. Pia ndege wengi hawavui nguo zote kwa siku moja. Hudondosha chache upande wa kulia na chache upande wa kushoto, zinazolingana, ili wasishindwe kuruka, na mwenye kuku haoni pengo. Koo aliyetaga kwa mwaka ndiye anayenyonyoka mpaka jirani akakupa pole, tena akasimama kutaga kwa miezi miwili au zaidi, kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza mayai na manyoya kwa protini ileile.

Unyoya mweupe wa jogoo wa baba ni ushahidi upande wangu. Ule mwekundu uling'olewa. Kishimo kiliumia, chembe zinazogawa rangi hazikufanya kazi yake tena, na unyoya ulioota baadaye ukatoka bila rangi.

Ngoja niongeze jambo ambalo mleta mada atalihitaji mwezi ujao. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, manyoya ya shingo na ya kiuno ya mapora yatatoka marefu, membamba, yenye ncha kali na mng'ao, wakati ya tembe yatabaki na ncha za mviringo. Mtu angedhani homoni ya kiume ndiyo inayompa jogoo mapambo hayo. Kwa kuku ni kinyume: homoni ya kike ndiyo inayozuia. Ovari ya koo ikiharibika kwa ugonjwa au uzee, manyoya yake yanayofuata huweza kutoka ya kijogoo, na huenda akawika. Wazee wetu wengi husema koo akiwika ni nuksi na humchinja siku hiyohiyo. Mimi humpapasa kwanza, kisha namchinja, maana hatagi tena.


Kasia, Ukerewe

Mimi si mfugaji, ni mvuvi, lakini mada hii imenikumbusha ubishi wetu wa mtumbwini. Kuna mnandi wadogo wenye mkia mrefu ambao hukaa juu ya mawe wametandaza mabawa kukausha. Wapo weusi watupu na wapo wenye tumbo jeupe chafu, na kwa miaka mingi tulidai ni makabila mawili, mpaka nilipokaa karibu na viota vyao na kuona. Makinda ya mnandi hutoka yaini uchi kabisa, ngozi nyeusi kama mpira wa baiskeli, na mzazi huyasimamia kwa kivuli cha mabawa jiwe likipata moto. Siku chache baadaye huota malaika mazito, kisha manyoya ya kahawia juu na meupe chini. Weusi huja baadaye, wakishavua nguo za utotoni. Wale wa tumbo jeupe ni watoto.

Furukombe, yule tai mlasamaki, ametudanganya zaidi. Kila mtu anakijua kichwa chake cheupe na mlio wake wa alfajiri. Lakini kinda lake likitoka kiotoni, baada ya kama wiki kumi, ni la kahawia lenye michirizi, na huwezi kudhani ni mtoto wa ndege yule. Hubadilisha manyoya msimu kwa msimu, kila mara weupe ukiongezeka kidogo, na huchukua karibu miaka mitano kufanana na wazazi.

Na wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wanaosubiri matumbo ya samaki pale soko la samaki la Mwaloni kama wadai, wao huenda kinyume. Mtoto ana malaika ya sufi kichwani na shingoni. Mkubwa ana upara. Swali langu kwa Mwalimu: kwa nini kinda la mnandi litoke uchi na kifaranga cha kuku kitoke kimevaa?


Mwalimu Mstaafu, Ilemela

Kifaranga cha kuku huanguliwa chini, penye kila adui, na siku ya pili hutakiwa kumfuata mama yake na kujitafutia. Lazima atoke yaini amevaa na macho wazi, na ndiyo maana yai la kuku ni kubwa ukilinganisha na mwili wa mama. Kinda la mnandi haliendi popote. Hulishwa samaki na kutiwa joto na wazazi wawili, kwa hiyo nguo zake zinaweza kungoja.

Korongo wako hapotezi kitu. Kichwa kinachoingia ndani ya mizoga kutwa kucha ni rahisi kusafishika kikiwa kitupu.

Na kwa kuwa tumetaja nguo za utotoni, yeyote mwenye kanga wa kufuga amtazame: kifaranga ana michirizi ya kahawia kama mtoto wa kwale, kisha hupata manyoya ya hudhurungi yenye mabaka, na zile nukta nyeupe zilizofananishwa na vitambaa vya mama zetu huja na manyoya yanayofuata. Nimeona mtu sokoni akigombana na muuzaji kwamba ameuziwa ndege mwingine.


Mfugaji wa Buhongwa (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo, na Mama Vifaranga nakushukuru hata kwa kunigombeza. Nimeosha kiganja cha dagaa wangu kwenye bakuli. Sitasema kilichobaki chini. Nimehamia kwa muuzaji mwingine anayeanika kwenye chanja, na nimewatenga mapora, ambao baada ya kuhesabu vizuri ni 25, katika nusu ya pili ya banda.

Jana asubuhi nilimshika mmoja wa wale weupe, binti akafungua manyoya ya shingo kwa vidole viwili akielekea jua. Mengi yalikuwa yamekwisha kusafika. Chini kidogo ya kisogo, kwenye unyoya uliokuwa umefunguka nusu tu, nusu nyingine ikiwa bado ndani ya ala yake, kulikuwa na kishungi cha njano kisichozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta, kimesimama juu ya ncha nyeupe kama mlivyosema. Alikigusa kwa ukucha kikakatika. Tulikunjua pia bawa, na kwenye manyoya manne tukaona ule mstari angavu. Kwa kupima urefu kutoka shinani, nadhani ni siku zile nilipoacha chakula cha dukani.

Jirani naye alikuja kutazama. Hakusema kitu kuhusu mkasi, ila aliomba aonyeshwe kijiti kilichokomaa na kisichokomaa, na alivitazama muda mrefu. Ule unjano binti ameubandika kwa selotepu katika daftari lake la sayansi, na chini yake ameandika tarehe.